Mimi wa Abidjan

Oktoba 6

Alidu, muuguzi anayenidunga sindano kila mwezi, kanipa daftari hili. Kasema kila siku niandike mambo mawili: usingizi na sauti. Yaani nimelala vipi, na kama nimemsikia yule mwanamume asiye na mwili anayenitukana. Haya. Usingizi: mzuri. Sauti: kwa mbali, kama redio ya jirani.

Mawili hayanitoshi. La tatu naliongeza mwenyewe, nalo ni dada yangu Afrakoma na jinsi nitakavyomlipa.

Oktoba 7

Nianze na hiyo Abidjan. Muulize mtu yeyote pale kijijini Pomaa yuko wapi, atakwambia yuko Abidjan, kaolewa na mfanyabiashara wa vitenge, kanenepa. Afrakoma ndiye aliyeninenepesha. Mimi niko hapa hapa, kwenye kibanda cha shamba letu la kakao, nakula ndizi za kuchoma na kugeuza mbegu mikekani.

Nilikuwa fundi cherehani jijini Kumasi ugonjwa uliponishika. Kwanza usingizi ulikata. Kisha cherehani ikaanza kunisema, kisha nikajua wateja wangu wote wamekula njama waniue. Mwenye nyumba akampigia dada simu. Alikuja mwenyewe, akanikumbatia, akasema, "Twende nyumbani, mdogo wangu." Hakunipeleka nyumbani. Alinipeleka kambi ya maombi. Pale wakanitia mnyororo mguuni, upande wa pili kwenye gurudumu la lori lililochimbiwa ardhini, wakaninyima chakula ili pepo aone njaa aondoke. Aliyenishika kifundo cha mguu wakati kufuli linafungwa ni Afrakoma. Alinishika taratibu, kwa mikono miwili, kama unavyomshika mtoto umtoe mwiba.

Mvua zote za mwaka ule ziliniishia mwilini pale. Pepo hakuona njaa, niliona mimi. Baadaye watu wa afya walikuja wakakata minyororo, wakatupeleka hospitali ya mjini, na dawa ikafanya kile ambacho njaa ilishindwa. Siku ya kuruhusiwa Afrakoma alinipitisha njia ya nyuma ya mto, kijiji hatukukiona, akaniweka hapa. "Kwa muda tu," alisema. Muda huo sasa umeota mvi.

Oktoba 9

Sababu ni Dufie, binti yake. Kuna mwalimu anaitwa Ntim anamtaka. Kwetu, kabla watu hawajaja kubisha hodi, yaani kuposa, na chupa zao za jini, hutuma mtu aulize chini chini: nyumba ile ina wezi? Ina ukoma? Ina wazimu? Na huulizia zaidi upande wa mama, maana huko ndiko damu yetu inakotoka. Mimi na mama yake Dufie ni tumbo moja. Kwa hiyo doa ni mimi, na doa limepelekwa Abidjan.

Siku ya kubisha hodi nitaingia. Nitavaa nguo yangu nzuri, nitasalimia, nitasema. Sina haraka.

Oktoba 13

Mvua kutwa. Abidjan kumelowa.

Oktoba 21

Leo majirani wamekuja kupasua maganda. Hapa mtu hapasui kakao peke yake: leo kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba anapika. Nilipika mimi tangu alfajiri, mchuzi wa samaki wa moshi na majani ya magimbi. Walipokaribia, Afrakoma akanisukuma kibandani akafunga mlango kwa nje.

"Usikohoe," akaniambia.

Nikakaa juu ya gunia nikawasikiliza. Mapanga yanagonga maganda, watu wanataniana. Ulipofika wakati wa kula, Mzee Boadu akasema, "Afrakoma, mchuzi huu si wako. Wako huwa tunaula kwa heshima tu."

Wakacheka. Afrakoma naye akacheka. "Mkono wangu umebadilika, mzee."

"Na Pomaa hajambo huko?"

"Hajambo. Juzi kapiga simu, analalamika upepo wa bahari unamtia mafua."

"Mwambie basi atutumie kitenge kimoja. Au amekuwa Mfaransa?"

Nilijiuma kidole mpaka wakaondoka. Hata mchuzi wangu umepewa jina la mtu mwingine. Alipokuja kunifungulia aliniletea bakuli, chini kumebaki mifupa na kipande kimoja cha samaki. "Nimekubakishia," alisema, na niliona kwamba anataka nimshukuru.

Oktoba 22

Mbegu zimefunikwa kwa majani ya migomba ili zipate kuchacha. Ukitia mkono katikati panaunguza. Nami humu kifuani vivyo hivyo.

Oktoba 30

Siku ya sindano. Alidu huja na pikipiki mpaka njia panda ya mto.

"Sauti?" akauliza.

"Mbali."

"Na uso huo?"

"Nina dada."

"Wote tunao," akasema, akafunga pamba.

Nikamuuliza jambo linalonisumbua. Nikimtakia mtu mabaya, nitajuaje kama ni mimi au ni ugonjwa? Akafikiri, si kawaida yake kufikiri. "Ugonjwa hauna subira. Wewe umemngojea tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Basi ni wewe mwenyewe. Hilo sina sindano yake."

Nikauliza pia kama ni kweli jambo hili linarithiwa. Kasema huweza kutembea kwenye damu, lakini si lazima, wengi linawapita. Na kwamba mtu akiwahiwa mapema hafiki nilikofika mimi. "Angalia usingizi," akasema. "Usingizi ndio huaga kwanza."

Novemba 6

Dufie kaniletea chumvi na mafuta ya taa. Mama yake hajui kwamba huwa anakaa na mimi. Alikaa, akavua viatu, akanisimulia Ntim anavyokula: anatenga nyama pembeni mpaka mwisho, kisha anaigawa nusu ampe yeye. "Mama mdogo, mwanamume anayekugawia nyama utamwacha?" Nikasema simwachi. Akaniuliza kovu la mguuni liliuma vipi. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia halikuuma sana, uongo mtupu.

Sina ugomvi na mtoto huyu. Lakini mti ukiangushwa, kiota nacho kinakwenda. Nisingeweza kumlipa mama yake kwa njia nyingine; Afrakoma hana kitu kingine anachokipenda.

Novemba 12

Siku ya kubisha hodi imepangwa: Jumamosi, Desemba 13. Nimefua nguo yangu ya bluu.

Novemba 20

Leo ni Alhamisi. Alhamisi ardhi inapumzika, mtu hatii jembe wala panga shambani, hata mlevi wa kijiji anajua. Ndiyo siku yangu ya kuwa peke yangu kabisa. Asubuhi nikasikia panga: ko, ko, ko. Nikadhani ni yule mwanamume wangu asiye na mwili karudi na mbinu mpya. Nikatoka.

Ni Dufie. Amevaa nguo ya kanisani, miguu mitupu, anakata maganda ya kakao mabichi, ya kijani, ambayo hayakuwa hata na dalili ya kuiva. Yamejaa chini.

"Dufie, leo Alhamisi."

"Najua. Ndiyo maana wanapiga kelele."

"Nani?"

"Hawa humu," akaonyesha maganda. "Nikiwafungua wanatoka. Sijalala, mama mdogo, kazi ni nyingi."

Nikalichukua panga mkononi mwake, akaniachia bila ubishi. Macho yake nayajua. Nilikuwa nayo mimi kwenye kioo cha duka langu la Kumasi. Nikamkalisha, nikampa uji, akanywa kidogo akanusa kikombe kama kina sumu. Kisha akatulia, akawa Dufie tena kwa muda, akalia. "Wewe unawasikia pia, siyo? Usiwaambie wanifunge."

Nikamsindikiza hadi pale msitu unapoishia, nikageuka. Mimi niko Abidjan, siwezi kuvuka pale.

Usingizi: hakuna. Sauti: yeye wala hakuja. Nilikuwa nawaza peke yangu.

Novemba 25

Afrakoma amekuja bila kikapu. Akakaa chini, kwenye majani, na nguo yake ya kanisa. Tangu nizaliwe sijamwona dada amekaa chini mbele yangu.

"Pomaa. Wewe ilikuanzaje?"

Nikaendelea kugeuza mbegu. "Nini?"

"Ile. Ilianza na nini? Kukosa usingizi, au?"

Alikuwa akivuta uzi wa pindo la nguo, uzi wote unatoka. Nilijua anachoulizia na alijua kwamba najua. Ningemwambia maneno matatu tu: mwite Alidu leo. Maneno hayo yalikuwa mdomoni tayari.

Nikasema, "Mimi nitajuaje, dada? Mimi niko Abidjan, nimenenepa."

Kisha akainuka, akajipangusa majani, akaondoka. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilipika ndizi nikala zote. Ziliniingia tamu.

Novemba 26

Usingizi: mzuri. Hilo ndilo linalonitisha.

Desemba 1

Upepo mkavu wa kaskazini umeingia. Midomo inapasuka. Kakao inakauka vizuri.

Desemba 8

Mjomba wetu Gyamfi, mkubwa wa ukoo, kaja kutazama magunia. Ni mtu mwema asiye na msaada. Akazunguka zunguka mikeka, akakohoa, akasema:

"Dufie hajambo, lakini si sana."

"Si sana ndiyo nini, mjomba?"

"Wamemfungia chumba cha nyuma. Mchungaji kasema afunge, asile mpaka pepo aone njaa. Jumamosi wageni tutawaambia kaenda msibani kwa shangazi yake. Wakishaacha chupa na kuondoka, gari la kambi litamchukua. Wanasema atakuwa safi kabla ya harusi."

"Kambi ipi?"

Akaangalia mguu wangu, akaangalia pembeni. "Ile ile."

"Na nani atamshika mguu?"

Akachukua fimbo yake.

Alipokwenda, nilifurahi. Siandiki uongo humu. Nilikaa mlangoni nikamwona Afrakoma amepiga magoti kwenye udongo ule ule, kifundo cha mwanawe mikononi, kufuli linalia kacha! Kisasi kizuri kuliko vyote nilivyopanga, nacho hakinitaki hata ninyanyue mguu. Ninyamaze tu. Nikatega sikio nione kama ni yule mwanamume anayesema. Kimya. Nilikuwa mimi, na akili zangu timamu.

Desemba 9

Nimefurahi tena leo, lakini imebidi nijilazimishe.

Desemba 11

Alhamisi. Maganda aliyoyakata Dufie bado yako pale, yamekuwa meusi. Nimeyaokota yote nikayatupa mtoni ili nisiyaone. Haikusaidia. Kila ninapomweka Afrakoma kwenye ile picha yangu, anayelia si yeye. Afrakoma atalia siku moja, ataimba kanisani, atawaambia watu Dufie kaenda Abidjan kwa mama yake mdogo. Atakayelala kwenye mvua ni mwingine. Nimetafuta namna ya kumpiga mmoja bila kumpiga wa pili, nimekosa.

Kisha jioni nikaona jambo la kijinga kabisa: maneno yale yale niliyoyatunza kwa kumwangamiza dada ndiyo ufunguo wa chumba kile. Wanamficha Dufie ili watu wa Ntim wasijue. Wakishajua, atafichwa nani tena?

Desemba 13

Nimeoga. Nimevaa ile ya bluu. Nimepita barabara kubwa ya kijiji, jua kali, katikati kabisa.

Mzee Boadu alikuwa kibarazani. "Eh. Pomaa? Umerudi lini?"

"Sasa hivi."

"Mbona hujanenepa?"

"Mchuzi wa huko si kama wangu, mzee. Ule mlioula Oktoba."

Nikamwacha na mdomo wazi. Nje ya nyumba yetu gari la kambi lilikuwa limeshafika, dereva analala. Ndani wageni wamekaa upande mmoja, sisi upande mwingine, chupa mbili za jini mezani zimefunikwa kitambaa. Shangazi yake Ntim, Mama Konamah, mwanamke mpana mwenye sauti ndogo, alikuwa akisema, "Kama binti yuko msibani, tutamuuliza nani mara tatu kama chupa zipokewe? Mwaka gani mmeanza kuozesha binti asiyekuwepo?"

Nikasalimia kama nilivyolelewa, kuanzia kulia, mkono mmoja mmoja. Mkono wa mwisho ulikuwa wa Afrakoma. Ulikuwa umelowa.

"Mama Konamah," nikasema, "mlituma mtu aulize kama nyumba hii ina wazimu. Mkajibiwa hakuna. Upo, ni mimi. Abidjan siijui hata kwa picha. Nilifungwa mnyororo, na dada yangu huyu ndiye aliyenishika mguu." Nikainua nguo wakaona kovu.

Hapo ndipo nilipokusudia kumaliza tangu Oktoba. Chumba kizima kilikuwa changu. Nilisikia utamu mpaka mgongoni na ningependa kukaa nao kidogo. Lakini lilikuwepo la pili.

"Na Dufie hayuko msibani. Yuko chumba cha nyuma, hajala, hajalala. Anaumwa ninachoumwa mimi, na ni ugonjwa una dawa, mnaniona nimesimama. Lile gari nje limekuja kumpeleka nilikokuwa. Sasa mmeshajua, hakuna tena cha kuficha. Nataka ufunguo."

Mama Konamah akainuka, akachukua chupa moja, akampa Ntim ya pili. "Tumesikia," akasema. "Si kwa ubaya." Ntim aliangalia mlango wa nyuma, akaangalia shangazi yake, akatoka na chupa.

Afrakoma akasema polepole, "Umeniua, Pomaa."

"Bado. Leta ufunguo."

"Umemuua na mtoto."

"Dada, ufunguo."

Mjomba Gyamfi akagonga fimbo sakafuni, mara ya kwanza maishani mwake nadhani. "Afrakoma. Mpe."

Akaufungua kwenye pindo la kiunoni, akanipa. Nikaingia. Dufie alikuwa kwenye kona, midomo imepasuka. Nikampa maji. Akanywa, akanijua.

"Wageni wameshakwenda?"

"Wameshakwenda."

"Na Ntim?"

"Naye."

Akageukia ukutani. "Si ungengoja wakubali kwanza, mama mdogo."

Nikaazima simu ya mjomba, nikampigia Alidu.

Desemba 15

Hospitali ya mjini. Dufie kalala, usingizi wa dawa lakini ni usingizi. Daktari ni msichana mdogo, mkali kidogo, anauliza haraka. Ameanza kuacha kula lini? Amewahi kuumia kichwa? Mimi na Afrakoma tuko kwenye benchi moja, tangu juzi hatujaongea. Alidu kasimama mlangoni na kofia yake ya pikipiki.

Daktari akauliza, "Na kwenye ukoo wenu, upande wa mama, kuna mtu mwingine mwenye ugonjwa huu?"

Swali lile lile. Ningeweza kujibu mimi. Alidu angeweza, mgonjwa wake nimekaa pale. Alidu akatazama dari. Mimi nikafunga mdomo. Nimemngoja dada yangu mvua mbili na mavuno mawili, sikuona kwa nini nimpunguzie sasa.

"Mama," daktari akasema, "nauliza kwa ajili ya dawa. Kama kuna iliyomfaa ndugu yake, tutaanzia hapo."

Afrakoma akavuta uzi wa pindo lake. Watu walikuwa wamejaa pale nje ya chumba, mlango wazi, wengine ni wa kanisani kwake.

"Yuko," akasema.

"Nani?"

Hakunyoosha kidole. Aliinama mbele yangu akanishika kifundo cha mguu, pale penye kovu, kwa mikono miwili, vile vile kama siku ile.

"Huyu. Mdogo wangu. Hakwenda Abidjan," akasema, na hakupunguza sauti. "Nilimfunga mimi."

Sikuuvuta mguu. Sikumwambia pole pia. Daktari aliandika, kisha akanigeukia mimi, "Wewe unatumia nini?" Nikamtajia sindano yangu, na kiasi chake, na kwamba mwezi wa kwanza mikono hutetemeka lakini huisha, Dufie asiogope.

Usingizi: mchache. Sauti: hakuna. Afrakoma: sijamsamehe. Leo ni zamu yake ya kulala hapa na Dufie, sakafu ni baridi, na nimemwachia shuka langu.